Mvua ya Nani? Mgeni wa Masika kwenye Ufuko wa Rumonge

Swali la kama mvua inaweza kuitwa mbaya huonekana dogo mpaka litakapowekwa mahali ambapo watu wanaoishi kwa mvua hiyo, watu wanaohamishwa nayo na watu waliokuja kustarehe wanaipokea siku moja, kwenye ufuko mmoja. Mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika ni mahali pa namna hiyo, hasa sehemu inayotoka Bujumbura na kupitia Kabezi, Gitaza, Magara na Minago hadi mji wa Rumonge, uliopo zaidi ya kilomita 70 kusini kwa Barabara ya Taifa namba 3, kisha ikaendelea mpaka Nyanza-Lac karibu na mpaka wa Tanzania. Mchanga wa Resha na fukwe nyingine za barabara hiyo huwavuta wakazi wa Bujumbura mwishoni mwa wiki, watumishi wa mashirika ya kimataifa, na Warundi waishio Ulaya na Amerika Kaskazini ambao hurudi kwao likizo. Wengi wao hupendelea Juni, Julai na Agosti, miezi ya kiangazi. Mvua huanza kati ya Septemba na Oktoba na kudumu hadi Mei, ikilegea kidogo tu karibu na Januari na Februari, kwa hiyo, ukifuata hesabu ya wenye hoteli, sehemu kubwa ya mwaka ni msimu hafifu. Mgeni afikaye Aprili hukuta vyumba vitupu na bei nafuu, maji ya ufukweni yamegeuka rangi ya udongo, barabara imefunikwa tope hapa na pale, na hutamka bila kufikiri sana kwamba hali ya hewa ni mbaya. Makala haya yanauliza kama kauli hiyo inaweza kuwa kweli, na kama ni kweli, ni kweli kwa ajili ya nani.

Jibu jepesi ni kwamba ubaya wa mvua hutegemea anayeitazama. Jibu hili lina nguvu yake, na ushahidi wake upo wazi mjini Rumonge. Mkulima wa bonde la Imbo, yaani ukanda tambarare na wa joto uliopo kati ya ziwa na milima, huisubiri mvua ya vuli ili apande mahindi na maharagwe, na michikichi, ambayo mawese yake ndiyo yaliyoupa mji huo jina katika biashara ya nchi nzima, haistawi pasipo maji mengi. Lakini katika kaya hiyohiyo huenda yupo mama anayekausha ndagala, samaki wadogo ambao Kigoma huitwa dagaa, na ambao huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa. Samaki hao huanikwa mchangani au juu ya vichanja vya nyavu, wanahitaji jua la mchana mmoja au miwili, na manyunyu ya ghafla huweza kuozesha mzigo wote kabla haujafika sokoni. Mume hushukuru na mke huhuzunika kwa wingu lilelile, wala hakuna kati yao aliyekosea. Mgeni basi angekuwa mtu wa tatu tu katika orodha hiyo, mwenye haki sawa na wenzake ya kusema kwamba kwake yeye, aliyetaka kuogelea, mvua ni mbaya.

Udhaifu wa jibu hilo ni kwamba linaweka haja tatu kwenye mizani moja kana kwamba zina uzito sawa. Mwanatheolojia wa Kenya, John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alidai kwamba katika jamii nyingi za bara hili wakati haukuhesabiwa kama chombo kitupu kinachongoja kujazwa, kwa sababu tukio ndilo lililoufanya wakati uwepo, na kalenda ilikuwa kalenda ya matukio. Wataalamu wengi wamempinga Mbiti, hasa pale aliposema kwamba fikra hizo hazina wakati ujao wa mbali, na upinzani huo una msingi. Hata hivyo hoja yake kuhusu majira inaumulika mwambao wa Rumonge vizuri. Kwa mkulima, masika ni kazi yenyewe ya kupanda, kupalilia na kuvuna, na kuyaondoa masika ni kuuondoa mwaka. Desturi ya kale ya Burundi ililithibitisha hilo kwa ibada: katika sherehe ya Umuganuro, iliyofanyika mvua zikiwa zimekolea, mwami, yaani mfalme, ndiye aliyetoa idhini ya kupanda mtama, na ngoma takatifu Karyenda ilihusika, mpaka sherehe hiyo ilipokoma mwishoni mwa miaka ya 1920 chini ya utawala wa kikoloni. Kwa mgeni, kinyume chake, wakati wa likizo ni chombo kitupu hasa. Siku zake zimetengwa tayari ofisini kwake, na mvua huingia ndani yake kama mwizi. Anachokilalamikia ni kwamba siku alizozilipia zimepotea, na malalamiko hayo ni halali kabisa, ilimradi yasigeuzwe kuwa habari kuhusu mahali alipofikia.

Hata hivyo, mjadala wa haja za watu hauwezi kumalizika bila kulitazama ziwa, kwa kuwa ziwa hili lina tabia ambayo hubadilisha maana ya mvua. Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na maji yake mengi hutoka kwa njia ya mvuke, huku sehemu ndogo tu ikipitia mto Lukuga kuelekea mto Kongo. Mlango huo ni mwembamba, na kuna nyakati katika karne ya 19 ulizibwa na mchanga na mimea. Matokeo yake ni kwamba mvua kubwa ya mwaka mmoja haiondoki mwaka huohuo. Mvua za 1961 na 1962 ziliinua uso wa ziwa hadi kilele cha mwaka 1964, na maji yalichukua miaka mingi kushuka. Kuanzia 2019 hali kama hiyo ilirudi, na mwaka 2024 kimo kilikikaribia kile cha 1964: mitaa ya chini ya Rumonge iliingiwa na maji, fukwe kadhaa zilimezwa, na Gatumba, karibu na mpaka wa Kongo, ilifurika pamoja na mto Rusizi. Aprili mwaka huo serikali ya Burundi na Umoja wa Mataifa waliomba msaada, wakisema kwamba watu zaidi ya 200,000 walikuwa wameathiriwa na mvua zilizoanza Septemba. Mgeni wa Julai, chini ya anga la buluu, anaweza kuwa anaoga juu ya kibaraza cha mtu. Ufuko wenyewe, ambao ramani huuchora kwa mstari mmoja, ni mapatano kati ya mvua za miaka mingi na jua la miaka mingi, na mapatano hayo hayakumshirikisha mwenye nyumba wala mwenye hoteli.

Hapa ndipo dini inapoingia kwa uzito. Rumonge ni moja ya miji ya Burundi yenye jamii kubwa ya Waislamu wanaozungumza Kiswahili, urithi wa biashara ya karne ya 19 iliyouunganisha mwambao huu na Ujiji, na wakati huohuo ni mji wenye Wakatoliki na Waprotestanti wengi. Jamii zote mbili zimefundishwa kwamba mvua ni rehema. Mkristo hukumbuka fundisho la Injili ya Mathayo kwamba Mungu hunyesha mvua kwa wenye haki na wasio haki pasipo kuwabagua, na Mwislamu amezoea kuisoma mvua katika Kurani kama ishara ya ardhi iliyokufa kuhuishwa, na kwa hiyo kama hoja ya ufufuo. Je, mama aliyeona maji yakiingia chumbani anatakiwa kuita rehema kile kilichomfukuza? Swali hili ni sehemu ya kile ambacho wanafalsafa wa Ulaya hukiita theodisia, yaani jitihada ya kutetea uadilifu wa Mungu mbele ya maovu na maafa. Leibniz aliliandikia kitabu mwaka 1710, akidai kwamba ulimwengu huu ndio bora kati ya yote iliyowezekana. Al-Ghazali, miaka 600 hivi kabla yake, alikuwa amekwisha sema jambo la jamii hiyo, kwamba hakuna kilichowezekana kuwa cha ajabu zaidi ya kilichopo, na wanachuoni wa Kiislamu walibishana kwa karne nyingi kama kauli hiyo haiubani uwezo wa Mungu. Hoja hizo ni pana na zina adhama, lakini ukizisoma ukiwa kwenye tope la ufukweni unaona upungufu wake: zinaeleza kwa nini jumla ni njema, na aliyehamishwa haishi katika jumla.

Mapokeo ya hadithi yana simulizi ambayo inafaa zaidi, na inastahili kukaliwa kwa utulivu. Anas bin Malik, sahaba wa Mtume, anasimulia kwamba mtu mmoja aliingia msikitini Madina siku ya Ijumaa, Mtume akiwa anahutubu, akalalamika kwamba mifugo inaangamia na njia zimekatika kwa ukame, akamwomba amwombee Mungu mvua. Mtume aliomba, na wingu likatokea, na mvua ikanyesha wiki nzima. Ijumaa iliyofuata mtu akaingia kwa mlango uleule na malalamiko yaleyale, kwamba mali zinaangamia na njia zimekatika, ila safari hii kwa mvua, akataka Mtume amwombe Mungu aizuie. Anas alipoulizwa kama alikuwa mtu yuleyule, alijibu kwamba hajui. Mtume hakuomba mvua ikome. Aliomba iwe pembezoni mwa watu na isiwe juu yao, inyeshe kwenye vilima, kwenye mabonde na mahali inapoota miti.

Dua hiyo, ambayo Waislamu wa Rumonge huisoma mpaka leo mvua inapozidi, huchukuliwa kwa kawaida kama funzo la adabu: mja hapaswi kuikataa neema, anaruhusiwa kuomba tu ihamishiwe panapofaa. Ufafanuzi huo ni sahihi, lakini unaacha jambo moja. Dua ina jiografia ndani yake. Inachukulia kwamba kuna pembezoni, kwamba vilima vinaweza kupokea maji bila kumdhuru mtu, na kwamba miti ipo ya kuyanywa. Nyuma ya Rumonge hakuna pembezoni ya namna hiyo. Kuna Mirwa, mteremko mkali unaopanda kutoka Imbo hadi kwenye milima ya Mugamba, nao umejaa watu, mihogo na migomba, huku msitu ukiwa umebaki mabaki, kama ule wa hifadhi ya Rumonge wenye miombo na sokwe. Burundi ina zaidi ya watu 400 kwa kila kilomita ya mraba, kwa hiyo kilima ni shamba la mtu, na mara nyingi ni nyumba yake pia. Mvua inayohamishiwa kilimani hushuka jioni hiyohiyo kwa mito kama Dama na Murembwe, ikiwa imebeba udongo, na mwaka 2015 mteremko wa Gitaza uliporomoka juu ya barabara na nyumba. Rangi ya udongo anayoiona mgeni majini ni shamba la mtu wa juu lililofika ufukweni. Mtu wa Imbo akiomba mvua iende pembezoni, ameiombea imjie kwa mlango wa nyuma, na anaiombea kwanza kwa jirani yake.

Je, basi dua imekuwa batili? Haifuati hivyo. Kinachofuata ni kwamba ombi hilo limeambatana na wajibu, kwa sababu anayeomba mvua iende inapoota miti anakiri kwamba lazima pawepo mahali inapoota miti. Msomi wa fikihi, elimu ya sheria za ibada na maisha, huenda akaona usomaji huu unavuka mipaka ya matini, na ana haki ya kusema hivyo. Lakini waombaji wa kwanza walikuwa wafugaji na wakulima, hawakuomba kwa maneno matupu, na itakuwa ajabu kudhani kwamba orodha ya vilima, mabonde na miti iliwekwa kwa ajili ya mapambo ya lugha.

Mjadala unaofanana ulizuka Ulaya baada ya tetemeko la Lisbon la tarehe 1 Novemba 1755. Voltaire aliandika shairi akikejeli matumaini ya Leibniz, na Rousseau akamjibu kwa barua mwaka 1756 kwamba nyumba za ghorofa nyingi zilizosongamana hazikujengwa na maumbile, na kwamba watu wangetawanyika wakakaa katika makazi mepesi, hasara ingekuwa ndogo. Mtu anayependa jibu la Rousseau atalipata limeandikwa katika sheria za Burundi, kwa kuwa Sheria ya Maji ya mwaka 2012 inatenga mita 150 kutoka kwenye Ziwa Tanganyika kama ukanda usiopaswa kujengwa. Kwa hesabu hiyo ziwa halikumvamia mtu mwaka 2024. Lilirudi kwenye uwanja wake, na kumbukumbu ya 1964 ilikuwepo kwa yeyote aliyetaka kuuliza wazee.

Hoja hiyo ina ukweli, lakini humwangukia mtu asiye mkosaji kwa uzito uleule inavyomwangukia mkosaji. Wengi wa wanaoishi katika mitaa ya chini hawakuchagua pale kwa kupenda mandhari. Rumonge na Nyanza-Lac ndiko yalikoanzia machafuko ya mwishoni mwa Aprili 1972, yaliyofuatwa na mauaji makubwa ya halaiki nchini kote. Maelfu walikimbilia Tanzania, ardhi yao ikachukuliwa na wengine au ikaingizwa katika mashamba ya michikichi, na waliporudi, hasa baada ya vita vya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, walikuta viwanja vina wenyewe na kesi zisizokwisha. Mtu wa namna hiyo akijenga kibanda karibu na maji, ukanda wa mita 150 ulikuwa ndio ardhi pekee isiyo na mdai. Mwenye hoteli aliyejenga ndani ya ukanda huohuo kwa sababu wageni hulipa zaidi kwa kuamka ukingoni mwa ziwa yuko katika hali nyingine. Rousseau hakuwatenganisha watu wa aina hizi mbili, na hapo ndipo falsafa yake inapokuwa na ugumu wa moyo ambao Voltaire, pamoja na dhihaka zake zote, hakuwa nao.

Hali ya mgeni sasa inaonekana wazi zaidi, wala haimpendezi. Kitanda anacholipia, mara nyingi, kimo ndani ya mita 150. Mandhari anayoisifu kiangazi ndiyo sababu ya mtu kujenga pale ambapo masika yatafika. Akija Aprili na kusema mvua ni mbaya, anailaumu mvua kwa kukutana na jengo lililowekwa kwa ajili yake. Wapo watakaosema kwamba kwa hiyo asije kabisa wakati wa maafa, kwamba kustarehe jirani na waliohamishwa ni utovu wa haya. Msimamo huo unaheshimika, ila unasahau kwamba mpishi, dobi, mlinzi na muuza mukeke, samaki wa ziwa hili, wa kuchoma wanaishi katika mitaa ileile iliyofurika, na kwamba hoteli tupu huwaachisha kazi mwezi ambao wanaihitaji kuliko miezi yote. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, na hiyo ni hesabu zaidi ya ukarimu. Kipimo cha haki ni jinsi mgeni anavyokuja: kama analipa bei ya haki badala ya kuminya punguzo juu ya punguzo kwa sababu anajua mwenyeji amebanwa, na kama anauliza.

Kuuliza kuna historia kwenye ufuko huu. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika pande za Uvira, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa, mwaka 1858, mvua zikiwa bado zinanyesha, wenyeji waliwaambia kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, na hata hivyo mabishano ya wanajiografia, kama mto huo unaingia au unatoka, yaliendelea miaka 13 mpaka Livingstone na Stanley walipokwenda kujionea Novemba 1871, nao pia katika mvua, safari ambayo jiwe la Mugere, kusini mwa Bujumbura, linaikumbusha hadi leo. Mtu anaweza kucheka kwamba ushahidi wa waliokunywa maji ya mto huo haukutosha. Swali lenyewe, maji haya yanatoka wapi na yanaelekea wapi, lilikuwa swali sahihi, na ni swali ambalo kiangazi hakimlazimishi mtu kuliuliza.

Kuna jambo moja zaidi ambalo sheria ya ibada hulifundisha, na linamsaidia mgeni asijilazimishe kufurahi kwa unafiki. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mvua inayolowesha nguo ni udhuru, yaani sababu inayokubalika ya kupunguziwa wajibu: wanaoswali jamaa msikitini wanaweza kuileta swala ya alasiri katika wakati wa adhuhuri, na isha katika wakati wa magharibi. Mapokeo hayohayo yanasimulia kwamba Mtume alifunua sehemu ya vazi lake ili mvua impate mwilini, kwa kuwa ilikuwa imetoka karibuni kwa Mola wake. Sheria haikuona mgongano kati ya mambo haya mawili. Haikumtaka mja akane kwamba amelowa, kwamba njia haipitiki au kwamba amechoka. Ilikitaja kizuizi kwa jina lake, ikakipimia nafuu, na bado ikaacha rehema ibaki rehema. Ndiyo maana kauli ya mgeni kwamba leo hawezi kuogelea ni ya kweli, na kauli yake kwamba Aprili ni mwezi mbaya Rumonge haina msingi.

Linalobaki bila ufumbuzi ni ukuta. Tangu ziwa lilipoanza kupanda, wenye uwezo kwenye mwambao wameweka mifuko ya mchanga, mawe na saruji kati yao na maji, na yeyote anayejua mawimbi anajua kwamba wimbi likigonga ukuta halifi. Hurudi, huchimba mchanga chini ya ukuta, na nguvu yake huishia kando, kwenye uwanja wa jirani asiye na ukuta. Hoteli inayojihami hivyo imeitekeleza ile dua kwa mawe: pembezoni mwetu, isiwe juu yetu. Wanachuoni wa Rumonge wana kanuni mkononi, ile ya kutodhuru na kutolipiza madhara, ambayo ni ya msingi katika fikihi yote, na wakili wa serikali ana mita zake 150. Bado haijaamuliwa, kwa kanuni wala kwa sheria, ni nani atakayebomoa kwanza, mwenye hoteli aliyeajiri nusu ya mtaa au mtaa wenyewe ambao hauna pa kwenda, na mgeni wa masika, akiwa amelala upande wa ndani wa ukuta, ni mmoja wa wanaoulipia.